Fundo la Mwisho Halikazwi

Kazi ya mzee huyu wa Ndama, Karagwe, ni kuchekesha watu kwa historia ya ufalme wa huko, na huianzia mgombani. Huchagua ganda lililokaukia kwenye shina, hulibandua kwa kisu polepole lisikatike, hulichana nyuzi nyembamba, kisha huzilowesha mpaka zilainike. Husokota akiwa ameketi, nyuzi zikiviringika kati ya kiganja na paja, na zinapokaribia kwisha huchomeka nyingine pasipo kuacha uvimbe. Kamba ikiupita urefu wa mtu mzima, husimama. Hapo ndipo anapoagiza tepu ya fundi cherehani.

Hupima kutoka ncha moja. Fundo la kwanza kwenye inchi 20, la pili 23, la tatu 31, la nne 52. Kila fundo hupimwa kabla ya kukazwa na hupimwa tena likishakazwa, maana kamba hula urefu wake inapofungwa. Likisogea hata nusu inchi, hulifungua kwa ncha ya msumari na kuanza upya. Fundo la tano, la inchi 68, ni la kitanzi. Ukilivuta kidogo linafunguka. Nilimuuliza kwa nini asilikaze kama mengine. “Hilo mwenyewe aliyepima hakuwa na hakika nalo, mwanangu,” alisema. “Mimi hiyo hakika nitaitoa wapi?”

Aliyepima ni John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika kwa Rumanyika, Mukama yaani mfalme wa Karagwe, mnamo Novemba 1861 pamoja na mwenzake James Augustus Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Kitabu cha safari yake kilitoka mwaka 1863. Mzee, ambaye ni mwalimu mstaafu, ana nakala ya kurasa zinazohusu Karagwe, na pembeni mwa kurasa hizo amejaza maandishi madogo ya penseli: hiki Speke alikiona kwa macho, hiki aliambiwa, hiki alikisia. Kabla kisa hakijafika barazani hupita kwanza kwenye penseli hiyo, na huweza kukaa huko msimu mzima wa kahawa.

Jioni watu wakishaketi, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kimezunguka, hana haraka ya kufika kwenye kicheko. Huanza na njia. Anaueleza msafara uliotoka Kaze, Tabora ya leo, na mahongo waliyotozwa na kila mtemi waliyempitia, hata mizigo ikawa inapungua kama pakacha linalovuja. Kisha anawafikisha Karagwe, na hapo sauti yake inatulia, kwa sababu Speke mwenyewe aliandika kwamba alipumua alipofika: Rumanyika alimpokea kwa kumshika mkono, akamuuliza anaionaje nchi na milima yake. Mzee ananyoosha mkono, anamshika mtu wa mbele, anauachia. Watoto wanakaa sawa. Wanajua kamba inakuja.

Siku moja Speke alikwenda kumwamkia shemeji wa Mukama, mke wa kaka yake mkubwa. Katika nyumba ya kifalme ya Karagwe wakati ule, wake walinyweshwa maziwa tangu usichana wanenepe, na mama huyu alikuwa mnene kiasi cha kushindwa kusimama. Speke alitaka kumpima. Hapa ndipo wachekeshaji wengi wangeharibu. Wangetanua mikono, wangepuliza mashavu, wangetambaa sakafuni, na watu wangecheka kweli. Mzee hagusi kabisa mwili wa yule mama. Haigizi sauti yake wala hampi jina, kwa kuwa Speke hakuliandika. Anamwigiza Speke peke yake: mgeni aliyeinama kwenye nyumba ya nyasi, mwenye ndevu, utepe mkononi, anayetafuta namna ya kuomba jambo lisiloombeka.

Anaifungua kamba na kuiweka sakafuni, anakunja duara mpaka fundo la inchi 52. Kifua. Duara la inchi 31: paja. La 20: shavu la mguu. La 23 ni la mkono, na hilo analivika mkononi mwake mwenyewe juu ya kiwiko, analiachia linaning'inia, huku amenyoosha mkono mbele ya watu na kuwangoja. Anangoja muda ambao mimi nisingethubutu. Mtu wa nyuma anaanza kucheka, wa kando anamfuata, na yeye bado hajasema neno.

Baadaye ndipo anapotoa bei. Mama yule hakupimwa bure. Makubaliano yalikuwa kwamba mgeni naye aonyeshe miguu na mikono yake mitupu, ngozi nyeupe ambayo haikuwa imewahi kuonekana katika nyumba ile. Mzee anaweka kamba chini, anakunja suruali pindo kwa pindo, taratibu, akilainisha kila pindo kwa kidole, mpaka chini ya goti. Anauinua mguu kidogo na kuugeuza huku na huku, uso mkavu, kama mtu anayekaguliwa na mnunuzi. Baraza linavunjika. Ameigeuza picha nzima bila kuongeza kitu: yumo kitabuni mgeni mwenye utepe, na yumo mwenyeji aliyetaka kuona kwanza mguu wa huyo mgeni. Speke aliandika vyote viwili, na wasomaji wa Ulaya wakakumbuka kimoja.

Ukafika urefu. Speke na mama yule walihangaika pamoja mpaka akainuka, kisha damu ikamwendea kichwani, akazirai na kushuka chini. Mzee analishika fundo la inchi 68 kwa vidole viwili na kulivuta. Linafunguka, na kamba inalegea hadharani. Hacheki. Anaiacha hali hiyo ikae, kisha anaeleza kilichokuwa pembeni: binti wa mama huyo, wa miaka 16, ameketi na chombo cha maziwa mdomoni, na baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa. Sehemu hii anaisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nimewaona kina mama wakiacha kutafuna.

Kutoka hapo anaingia kwenye ng'ombe. Unene ule ulikuwa hesabu ya zizi. Nyumba yenye maziwa ya kumnywesha mtu mmoja kutwa nzima, wala isihitaji nguvu za mikono yake, ilikuwa inatangaza ng'ombe wake bila kuwahesabu mbele ya watu. Kisha miaka ya 1890 ikaja na sotoka, ikafagia mazizi ya Afrika Mashariki, Karagwe nayo ikakumbwa. Husema hayo akiiviringisha kamba, na kamba ikiisha kuviringishwa naye amemaliza.

Kisa cha ngoma hukitoa kwa ufupi zaidi. Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki waligombea kiti watatu: Rumanyika na ndugu zake wawili, ambao Speke anawaandika Nnanaji na Rogero. Wakawekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, ila iliyotiwa dawa iwalemee wasiostahili. Ndugu zake wakashindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Mzee hutumia bakuli tupu la plastiki, na jinsi anavyokaza mishipa ya shingo kulishindwa bakuli lile ni jambo la kuonwa. Lakini akishalinyanyua kwa kidole huongeza lililofuata: Rogero hakukubali matokeo, vita vikapiganwa, na aliyemsaidia Rumanyika kubaki kitini ni Musa, mfanyabiashara wa Kihindi wa Kaze, aliyekuja na watu wenye bunduki. Bakuli na bunduki huvitaja kwa uzito uleule. Mtoto akiuliza kipi ni kweli, humrudishia swali: “Waliokuwepo walihitaji kipi?”

Kipo kisa kimoja anachoombwa kila mara na bado anakataa kukitoa. Grant aliugua mguu akiwa Karagwe. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda na kumwacha; Grant alikaa kwa Rumanyika hadi Aprili, akaondoka akiwa amebebwa kwa machela. Miaka miwili baadaye, mwaka 1864, alichapisha kitabu ambacho jina lake linasema alivuka Afrika kwa kutembea. Jina hilo lilitokana na maneno ya Lord Palmerston, waziri mkuu wa Uingereza, aliyempongeza kwa matembezi yake marefu. Nilipokisikia nilicheka papo hapo, nikamwambia kimeshaiva. Mzee alitikisa kichwa. Alitaka kwanza kujua machela yale yalifungwaje, wabebaji walikuwa wangapi, walipokezana wapi. Uani alikuwa amelaza miti miwili, na kati yake kamba za mgomba alizoanza kusuka, kisha akazifumua, akaanza kusuka tena kwa matundu madogo zaidi.