Kiliwazo cha Aliyeachwa: Vijitabu vya Mashirika na Vitabu Tulivyovifunika

 

Katika darasa zetu hapa Chumbageni liko swali lisilokatika. Mwanamke ameolewa miaka ishirini, amepika, amefua, amelea, amemuuguza mama mkwe mpaka akafariki mikononi mwake. Siku anapoachwa hutoka na sanduku lake. Je, ana haki gani zaidi ya eda? Wengi wenye swali hili hawaji tena kwetu. Huenda kwa mashirika ya wanawake, na hurudi na vijitabu. Tumevisoma baadhi yake, na tunataka kusema tulichokiona bila ya chuki wala kujipendekeza.

Mashirika haya si mageni. TAMWA ilianza mwaka 1987, TGNP mwaka 1993, na TAWLA na WLAC wanajulikana kwa msaada wa sheria kwa wasio na uwezo. Nyuma yao upo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na Itifaki ya Maputo ya 2003. Mwanamke aliyepata wakili asiyemdai hata senti amefanyiwa wema, na wema hauwi uovu kwa sababu aliyeufanya hakuvaa kanzu.

Lakini katika maandiko ya aina hii yako maneno mawili yanayofungwa kamba moja: "mila na dini". Hapo ndipo tunapokataa. Mila ya kumrithi mjane pamoja na shamba la marehemu imekatazwa na Qur'ani yenyewe, Suratun-Nisaa aya ya 19. Atakayezihesabu mila hiyo na fiqhi kuwa ni kitu kimoja amemficha mwanamke silaha yake mwenyewe.

Angalia kesi inayosifiwa sana, ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Husimuliwa kama ushindi, na kwa waliokuja baada yake ni ushindi kweli. Nusu ya pili ya hadithi husimuliwa kwa nadra: Bi Hawa mwenyewe, Muislamu aliyeolewa kwa ndoa ya Kiislamu, hakupata kitu, kwa kuwa Mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe na hakuzitumia ipasavyo. Tangu hapo jina lake limo katika kila somo la sheria ya ndoa nchini.

Sasa tufungue vitabu vyetu. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa mwanamke aliyeachwa baada ya kuingiliwa anastahiki mut'a, yaani kiliwazo, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Hii ni juu ya mahari yake na juu ya eda. Inapendekezwa isipungue dirhamu thelathini, na wakigombana juu ya kiasi, kadhi ataikadiria kwa kutazama hali ya wote wawili. Asili yake ni Suratul-Baqara aya ya 236 na ya 241. Ndugu msomaji, katika talaka ulizozishuhudia, ni ngapi ulisikia kiliwazo kikitajwa? Sisi tunaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki.

Na kazi za nyumbani? Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim wameziona ni wajibu kwa mke kwa mujibu wa ada. Ama madhhab ya Imam Shafii, tunayoifuata pwani hii, hayamlazimishi mke kupika wala kufagia. Wapo wanazuoni wake wa baadaye waliosema mume ni lazima amjulishe mkewe hivyo, asije akadhani anatekeleza faradhi. Maneno haya hayasomwi kwenye mimbari. (Tunajua sababu, na maimamu wenzetu wanaijua.)

Hatusemi kwamba mali ya mume hugawanywa nusu kwa nusu. Fiqhi yetu hutenga mali ya mke na ya mume, na utengano huo ndio unaomlinda mke pia, mahari na biashara yake visiguswe. Lakini aliyetoa fedha katika ujenzi wa nyumba ni mshirika kwa kadiri ya alichotoa, hata kama hati ina jina moja. Kwa Wamaliki wa Morocco, kadhi Ibn Ardun wa Chefchaouen, aliyefariki mwaka 1584, alitoa fatwa kuwa wanawake wa milimani waliolima pamoja na waume zao wana fungu katika mavuno kwa kiasi cha jasho lao. Karne nne kabla ya mkataba wa 1979.

Liko pia kundi la Musawah, lililozinduliwa Kuala Lumpur mwaka 2009, linalodai usawa kwa hoja za Kiislamu. Kitabu chao cha 2015 kuhusu uongozi wa mume, "Men in Charge?", hatukubaliani nacho: kinaiona qiwama kama jengo la mafakihi linaloweza kuvunjwa. Hata hivyo waandishi wake wamevisoma vitabu vya fiqhi kwa bidii kuliko wengi wanaowalaani.

Na sisi Tanga tulikuwa na vya kwetu. Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, kadhi wa hapa, aliandika Mirathi na Nikahi kwa Kiswahili. Mirathi kilifasiriwa na P. E. Mitchell mwaka 1923, na Nikahi kilitolewa Dar es Salaam mwaka 1959 kwa tafsiri ya J. W. T. Allen. Wageni waliona vinafaa kwa mahakimu wao. Ni madrasa ngapi za mji huu zinazovisomesha mabinti?

Mtu atasema: kiliwazo hukadiriwa na kadhi, na mahakama za kadhi ziliondolewa Bara mwaka 1963. Ni kweli. Lakini kwa Sheria ya 1971 mume na mke hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na kwa Waislamu wengi baraza hilo ni la BAKWATA. Masheikh hukaa pale, humsikiliza mume, humsikiliza mke, kisha huandika karatasi kwamba suluhu imeshindikana. Mume bado yuko mbele yao. Hapo ndipo pa kumuuliza, kabla karatasi haijatiwa muhuri: kiliwazo umempa kiasi gani?