Tunda: jinsi kidonge kisicho na dawa kilivyojibu swali la mpox

Matokeo ya utafiti wa PALM007 yalipotangazwa Agosti 2024, habari iliyoenea ilikuwa moja: tecovirimat haikuharakisha kupona kwa wagonjwa wa mpox. Sisi wa Maniema tuna haki ya kujua zaidi ya hapo, maana utafiti ulifanyika kwetu, katika hospitali ya Tunda, na kwa jirani zetu wa Kole, Sankuru.

Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya ndui. Ushahidi wa kwamba inatibu ulitoka kwa wanyama. Kwa binadamu ilikuwa imepimwa usalama tu. Je, ingemfaa mgonjwa wa mpox ya kundi la kwanza la virusi (clade I), ile kali inayotusumbua Kongo? Oktoba 2022, INRB, taasisi ya Kongo ya utafiti wa tiba, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi ya Marekani NIAID zilianza kutafuta jibu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kipimo. Hakuna aliyeandikishwa kabla kipimo cha maabara cha PCR hakijathibitisha mpox. Tetekuwanga hutoa upele unaoweza kumpotosha hata muuguzi mzoefu, na kwa kawaida hupona wenyewe. Wagonjwa wake wangechanganywa humo, hesabu yote ingeharibika.

Kisha ikapigwa kura ya kuwagawa wagonjwa makundi mawili. Wengine walimeza tecovirimat mara mbili kwa siku kwa siku 14, wengine vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa. Mgonjwa hakujua amepewa kipi, wala daktari wake. Usiri huu ulikuwa wa lazima, kwa kuwa kupona kulipimwa kwa kutazama ngozi: vidonda vyote viwe vimekauka na kufanya gamba, au gamba limebanduka na ngozi mpya imeota. Daktari anayejua nani amepewa dawa huweza kuona nafuu mapema kuliko ilivyo.

Wagonjwa walikuwa 597. Vidonda vilipona kwa muda wa kati wa siku 7 kwa waliomeza dawa na siku 8 kwa wenzao, tofauti ndogo mno isiyothibitisha chochote. Dawa haikuleta madhara makubwa, lakini haikusaidia.

Vifo ndivyo vinavyotuhusu zaidi. Katika utafiti mzima walikufa asilimia 1.7, kwa dawa au bila dawa, ilhali nchini kiwango kilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Wote walilazwa angalau siku 14, wakapewa chakula, maji ya kutosha na matibabu ya maambukizi mengine. Ulinganisho huu haukupigiwa kura, na walioingia katika utafiti huenda walitofautiana na waliougulia vijijini. Kwa hiyo hauna uzito wa ule wa vidonge. Hata hivyo, unaelekeza pale pale ambapo kila muuguzi wa vijijini angeelekeza: uangalizi wa karibu huokoa maisha.

Dawa bora ya mpox bado inahitajika, na itafutwe kwa umakini huu huu. Lakini kitanda, lishe na kipimo havihitaji kusubiri uvumbuzi. Kila mradi wa mpox unaofika Kindu, makao makuu ya mkoa wetu, na ujibu kwanza maswali mawili: sampuli ya mgonjwa itapimwa wapi, na kwa siku hizo 14 atalishwa na nani?