Gharama ya Ukurasa: Jinsi Printa ya Ofisi Ndogo Inavyopaswa Kuchaguliwa

Mashine ya kuchapa au ya kutoa nakala inaponunuliwa kwa ajili ya ofisi ndogo, iwe ya wakili, ya mhasibu, ya shule binafsi au ya steshenari yenye meza mbili, mnunuzi kwa kawaida huanza na bei iliyobandikwa kwenye boksi, kisha hutazama kasi, kisha jina la kampuni, ilhali jambo litakaloamua iwapo fedha zake zimetumika vyema halikuandikwa popote kwenye boksi hilo. Jambo hilo ni gharama ya ukurasa, yaani jumla ya fedha zote zitakazotumika kwa mashine, wino, vipuri na umeme, ikigawanywa kwa idadi ya kurasa zitakazochapwa hadi mashine itakapochoka. Sababu ya kufichika kwake inaeleweka pale tu biashara yenyewe inapotazamwa tangu ilipoanza, kwa kuwa kila aina ya printa iliyopo dukani imebeba mapatano fulani kati ya mtengenezaji na mtumiaji, na mapatano hayo ndiyo yanayonunuliwa pamoja na mashine, mnunuzi ajue au asijue.

Kanuni inayoendesha mashine za fotokopi na printa za leza ilithibitishwa tarehe 22 Oktoba 1938 huko Astoria, New York, ambapo Chester Carlson, akisaidiwa na Otto Kornei, alichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, akalisugua kwa kitambaa cha pamba ili lipate umemetuli, yaani chaji ya umeme inayokaa mahali pamoja bila kusafiri kwenye waya, kisha akalimulika kupitia kioo kilichoandikwa kwa wino mweusi. Mwanga uliondoa chaji kila ulipogusa, maandishi yakabaki na chaji yake, na unga laini ulionyunyizwa juu ulinasa kwenye maandishi hayo peke yake, kisha ukahamishiwa kwenye karatasi ya nta na kugandishwa kwa joto. Printa ya leza ya leo hufanya mambo yayo hayo: dramu, ambayo ni silinda iliyopakwa kemikali inayoitikia mwanga, hupewa chaji, mwale wa leza huichorea ukurasa, unga wa wino uitwao tona hunasa palipochorwa, na rola za moto, ambazo mafundi huziita fyuza, huyeyusha unga huo hadi ushikamane na karatasi.

Uvumbuzi huo ulikataliwa na kampuni nyingi kubwa kabla ya kupokelewa na taasisi ya Battelle mwaka 1944 na baadaye na kampuni ya Haloid ya Rochester, iliyokuja kuitwa Xerox, ambayo mwaka 1959 ilitoa mashine ya Xerox 914. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300, ilitoa nakala 7 hivi kwa dakika, na karatasi ilipokwama karibu na sehemu ya joto iliweza kushika moto, kiasi kwamba kampuni iliambatanisha kizima moto kidogo kilichopewa jina la adabu lisilotaja moto. Kwa bei ya kununua moja kwa moja, ofisi chache zingethubutu. Kampuni iliikodisha kwa dola 95 kwa mwezi, nakala 2,000 za mwanzo zikiwa ndani ya kodi hiyo na kila nakala ya ziada ikilipiwa senti chache kwa kusomwa kwenye mita ya mashine. Hapa ndipo msingi wa biashara nzima ulipowekwa, kwa sababu kilichouzwa hakikuwa mashine bali kurasa, na matengenezo yalikuwa mzigo wa mwenye mashine. Mapatano hayo yalikuwa ya wazi, tofauti na yaliyofuata.

Mwaka 1982 kampuni ya Canon ilitoa mashine ndogo za nakala za PC-10 na PC-20, ambazo ndani yake dramu, tona na sehemu nyingine zinazochakaa ziliunganishwa katika katriji moja ya kutolewa na kutupwa. Kwa hatua hiyo fundi wa kila wiki hakuhitajika tena, kwani kila katriji mpya ilikuwa sawa na matengenezo makubwa, na ni teknolojia hiyo ya Canon iliyowekwa ndani ya HP LaserJet ya mwaka 1984, iliyouzwa dola 3,495 na kuchapa kurasa 8 kwa dakika. Urahisi huo ulilipiwa kwa njia nyingine: mteja alianza kununua dramu mpya kila unga ulipoisha, hata kama dramu ya zamani ilikuwa bado nzima. Kampuni ya Kyocera ilishika njia ya kinyume mwaka 1992 kwa printa zake za ECOSYS, zenye dramu ngumu inayokusudiwa kudumu kwa muda mrefu huku tona pekee ikibadilishwa.

Upande wa printa za wino wa maji, zinazorusha matone madogo kupitia vitundu vya kichwa cha kuchapia, mapatano yalielekea pabaya zaidi kwa mtumiaji, kwa kuwa mashine zilishushwa bei hadi zikakaribia kuuzwa kwa hasara na faida ikahamishiwa kwenye katriji ndogo zenye mililita chache. Mabadiliko yaliletwa na watumiaji wenyewe, hasa barani Asia, ambao walitoboa printa zao na kuziunganisha kwa mirija na chupa za wino zilizowekwa nje. Mwaka 2010 kampuni ya Epson, badala ya kuendelea kupambana nao, ilianza kuuza Indonesia printa zenye matangi ya wino yanayojazwa kwa chupa, na bei ya mashine ikapanda kwa sababu faida haikuweza tena kungojea katriji. Ni nadra kuona kiwanda kikikubali hadharani kwamba mteja alikuwa na haki.

Tofauti ya mapatano hayo huonekana vizuri kwa hesabu. Ichukuliwe ofisi inayochapa kurasa 800 kwa mwezi, yaani kurasa 28,800 kwa miaka mitatu, kwa bei za mfano tu ambazo msomaji atazibadilisha kulingana na duka lake. Printa ya katriji ndogo ya shilingi 150,000, inayotumia katriji ya shilingi 40,000 kwa kurasa 200, itakula wino wa shilingi 5,760,000. Printa ya leza ya shilingi 450,000, yenye katriji ya shilingi 160,000 kwa kurasa 2,000, itakula tona ya shilingi 2,304,000. Printa ya tangi ya shilingi 600,000, yenye chupa ya shilingi 36,000 kwa kurasa 4,000, itakula wino wa shilingi 259,200, kiasi ambacho ni kidogo kuliko karatasi zenyewe, maana rimu ikiwa shilingi 12,500, kurasa hizo zote zitahitaji karatasi za shilingi 720,000. Mashine iliyokuwa rahisi kuliko zote dukani ndiyo iliyogeuka kuwa ghali kuliko zote, na kwa tofauti ambayo hakuna punguzo la msimu linaloweza kuiziba.

Hata hivyo idadi ya kurasa inayotajwa kwenye katriji au chupa inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwa tona nyeusi idadi hiyo hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19752, ambacho hutumia ukurasa wa majaribio uliofunikwa na wino kwa takriban asilimia 5, ukichapwa mfululizo katika chumba chenye joto lililodhibitiwa. Barua fupi ya ofisi inakaribiana na kipimo hicho, lakini fomu yenye majedwali, nembo na mistari minene, au kitambulisho kilichofotokopiwa huku kivuli cheusi kikizunguka pembeni, hula tona mara kadhaa zaidi. Aidha, katriji inayokuja ndani ya mashine mpya mara nyingi huwa imejazwa pungufu, hivyo haifai kuwa kipimo cha matumizi.

Hesabu peke yake ingeipa ushindi printa ya tangi, lakini mazingira huingilia kati. Wino wa maji hukauka kwenye vitundu mashine inapokaa bila kazi, na usafishaji wa kichwa hutumia wino uleule, ambao hutiririkia kwenye sponji iliyofichwa chini ya mashine. Sponji hiyo inapohesabiwa kuwa imejaa, printa hugoma kuchapa hadi fundi aibadilishe na kuireseti. Ofisi inayofungwa likizo nzima, kama ya shule, itakutana na tatizo hili mapema. Vilevile wino mwingi wa matangi ya rangi ni wa kuyeyuka, na kidole chenye majimaji kikipitishwa juu ya mstari wa hati ya kiapo huacha mchirizi wa buluu au mweusi, ilhali tona iliyoyeyushwa kwenye karatasi haitikisiki. Kwa wakili au msajili wa hati jambo hilo linatosha kumaliza mjadala.

Leza nayo ina udhaifu wake. Fyuza huhitaji joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na wakati wa kupasha joto mashine huvuta mamia ya wati kwa ghafla, hali inayoifanya isifae kuunganishwa kwenye yuupiiesi ya kompyuta wala kwenye inveta ndogo ya sola, wakati printa ya wino huridhika na wati chache kama taa. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga au Zanzibar, karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa, na ikipita kwenye fyuza hujikunja na kukwama. Rimu iliyofunguliwa ikirudishwa ndani ya karatasi yake ya nta huondoa sehemu kubwa ya usumbufu ambao hulaumiwa printa.

Kuhusu kujaza tona upya, desturi iliyoenea Afrika Mashariki, mapatano ya mwaka 1982 yanapaswa kukumbukwa: katriji yenye dramu ndani yake ikijazwa mara ya tatu au ya nne, unga unakuwa mpya lakini dramu ni ileile iliyokwaruzika, na matokeo yake ni ukurasa wenye ukungu wa kijivu na doa linalojirudia kwa umbali uleule kila dramu inapozunguka. Mashine ambayo dramu yake imetengwa na tona huvumilia ujazaji vizuri zaidi, kwa kuwa kila kimoja hubadilishwa kwa wakati wake.

Mashine kubwa za fotokopi za mtumba zina faida ya kudumu na vipuri vingi mitaani, lakini hazistahili kununuliwa kabla ya ripoti ya mita kuchapwa mbele ya mnunuzi, ikionyesha jumla ya nakala zilizokwisha kutoka, wala kabla ya kusoma kibao cha umeme kilichoko nyuma, maana mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani hutumia volti 120 na itaungua ikichomekwa kwenye volti 240. Kwa ofisi inayotoa kurasa chache kuliko 3,000 kwa mwezi, mashine ya namna hiyo huwa mzigo wa nafasi na wa fundi.

Kwa ofisi ndogo inayochapa maandishi meusi na kuhifadhi hati, chaguo lenye nguvu ni printa ya leza ya rangi moja yenye dramu iliyotengwa na tona, yenye uwezo wa kuchapa pande mbili za karatasi. Ofisi inayohitaji rangi na inayochapa angalau kila wiki itafaidika zaidi na printa ya tangi. Printa ya katriji ndogo haifai ofisi yoyote inayomaliza zaidi ya rimu moja kwa mwezi, hata ikitolewa bure.