Kikombe Kikipoa

Kahawa ikiwa moto sana, karibu kila moja ni nzuri. Waonjaji wa Nairobi wanalijua hilo vizuri, tofauti na sisi tunaomimina kikombe kooni mbiombio pale Westlands kisha tukakimbilia matatu.

Mnada wa kahawa ya Kenya hufanyika katika jumba la Wakulima House, karibu na barabara ya Haile Selassie. Kabla ya mnada kuanza, sampuli huwa zimeshapita mezani kwa waonjaji wa wanunuzi.

Buni hukaangwa kidogo tu, maana moshi huficha dosari. Kisha husagwa: gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji yaliyokaribia kuchemka. Kila sampuli hupewa vikombe vitano, kwa kuwa punje moja iliyooza inaweza kuharibu kikombe kimoja na kuacha vinne salama. Unga hupanda juu ukafanya utando. Dakika nne zikipita, mwonjaji huinama mpaka pua karibu iguse kikombe, akauvunja utando kwa mgongo wa kijiko. Harufu iliyokuwa imefungiwa hutoka kwa mkupuo, na asiyeiwahi hapo ameikosa.

Kisha anasubiri. Joto likishuka hadi nyuzi 70 hivi, anachota, anavuta kwa kelele ili kahawa itawanyike mdomoni mote na mvuke wake ufike puani, anatema, anaandika alama, anasonga mbele. Anarudi kikombe kikiwa vuguvugu. Sasa uchachu unajitokeza: ndimu, zambarau, na ule ukali wa divai nyekundu ulioipa kahawa ya Nyeri na Kirinyaga jina. Anarudi tena kikiwa kimepoa kabisa. Iliyo bora huzidi utamu hapo. Iliyo dhaifu hubaki maji machungu. Mimi alama ya mzunguko huu wa mwisho ndiyo ninayoiamini.

Mengi katika ladha hiyo yalianzia Kabete, katika maabara ya Scott, ambako miaka ya 1930 watafiti waliteua miti 42 na kuichunguza mavuno, ubora na uwezo wa kuhimili ukame na magonjwa. Aina ya kahawa iitwayo SL28 ilitokana na mbegu za Tanganyika. Nyingine, SL34, ilitoka kwenye mti mmoja tu wa shamba la Loresho, mahali ambapo leo ni majumba ya kifahari na mageti.

Kuna subira nyingine, ndefu kuliko ya mezani. Divai nzuri huweza kufaidika na miaka. Kahawa mbichi haifaidiki. Ikikaa ghalani miezi mingi, uchachu hufifia na ladha ya mbao na gunia ikaingia. Na mnunuzi wa Hamburg hatainywa leo: kuna lori hadi Mombasa, kuna meli, kuna ghala lake mwenyewe. Kwa hiyo mwonjaji mzoefu haulizi tu kahawa hii ina ladha gani, bali itakuwaje ikifika. Iliyoanikwa polepole kwenye vichanja, ikageuzwageuzwa na kufunikwa jua la mchana lilipokuwa kali, hudumu zaidi. Iliyoharakishwa huweza kung'aa ikiwa moto, lakini ikipoa mwonjaji akakuta katikati yake pamepwaya, alama inashuka, hata kama leo hakuna kosa lolote la kuandika.