Mtazamaji wa Mpakani: Mikabala ya Uhakiki wa Runinga Ikitazamwa Kutoka Tunduma

Uhakiki wa runinga katika taaluma ya Kiswahili umerithi mbinu zake kutoka katika uhakiki wa tamthilia iliyoandikwa. Mhakiki huishika tamthilia ya runinga kama anavyokishika kitabu: hubainisha dhamira, huchambua wahusika, hupima lugha, kisha huhitimisha kwa ujumbe. Mkabala huu wa fani na maudhui una manufaa yake, lakini umejengwa juu ya dhana isiyotamkwa, kwamba matini ni moja na hadhira yake ni taifa moja. Makala hii inaipima dhana hiyo kutoka Tunduma, mji wa Mkoa wa Songwe unaopakana na Nakonde, Zambia. Inadai kuwa mahali pa kutazamia na lugha ya kutazamia ni sehemu ya matini inayohakikiwa.

Mfano ulio wazi ni tamthilia ya Kichina inayofahamika kwa jina la Mao Doudou, ambayo Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) liliirusha mwaka 2011 ikiwa imeingiziwa sauti za Kiswahili. Machi 2013, akihutubia jijini Dar es Salaam, Rais Xi Jinping aliitaja kama njia iliyowawezesha Watanzania kuyafahamu maisha ya familia za kawaida za Wachina. Hotuba hiyo ilifanya jambo ambalo uhakiki mwingi hulifanya pia: ilichukulia kwamba kurushwa ndiko kupokewa. Mhakiki wa fani na maudhui angejadili mvutano wa mama mkwe na mkaza mwana. Mhakiki wa uchumi wa kisiasa angeuliza nani aligharimia na kwa faida ya nani. Wote wawili wangeweza kumaliza kazi bila kuuliza maneno ya mama mkwe, katika Kiswahili cha studio, yalisikikaje kwa mtu aliyejifunza adabu ya ukwe kwa Kinyiha au Kinyamwanga.

Nadharia zilizotoka nje ya taaluma ya Kiswahili nazo zinahitaji kupimwa hivyohivyo. Dhana ya mtiririko, aliyoifafanua Raymond Williams mwaka 1974, hutumiwa kueleza namna kituo kinavyounganisha vipindi na matangazo ya biashara hadi viwe kitu kimoja. Kinachosahaulika ni chimbuko lake. Williams aliipata Miami, akiwa ametoka katika safari ya wiki nzima baharini, akitazama filamu iliyoingiliwa na matangazo na vionjo vya filamu nyingine bila mpaka ulio dhahiri. Aliuona mtiririko kwa kuwa alikuwa mgeni asiyeuzoea. Tunduma ni mji wenye wageni wengi wa aina hiyo. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA hupita hapo, na madereva wa malori husubiri taratibu za forodha. Dereva anayetazama runinga katika baa au sebule ya nyumba ya wageni kwa kawaida hashiki rimoti. Mtiririko wake hupangwa na mhudumu wa kaunta, na kisimbuzi kilicholipiwa au kisicholipiwa, na umeme. Uchambuzi unaotegemea ratiba ya kituo peke yake hauwezi kuufikia.

Stuart Hall, katika makala yake ya mwaka 1973 kuhusu usimbaji na usimbuaji, alipendekeza nafasi tatu za mpokeaji: anayekubali maana iliyokusudiwa, anayeipatanisha na hali yake, na anayeipinga. Ili kuchukua nafasi yoyote kati ya hizo, mpokeaji hana budi awe anaijua lugha ya ujumbe. Kanuni za utangazaji za Tanzania zimejengwa juu ya Kiswahili na Kiingereza. Ng'ambo ya mpaka, utangazaji wa taifa wa Zambia umejengwa juu ya Kiingereza na lugha saba za wenyeji zilizoteuliwa, Kibemba kikiwa mojawapo. Kinyamwanga, kinachozungumzwa pande zote mbili, hakimo katika orodha yoyote kati ya hizo. Bibi wa Momba anapotafsiriwa taarifa ya habari na mjukuu wake, usimbuaji unakuwa wa watu wawili. Mjukuu anaweza kukubali ambapo bibi anapinga. Anaweza pia kuruka asichotaka bibi akisikie. Mchoro wa Hall hauna nafasi ya mjukuu.

Utamaduni wa video wa Tanzania umempa mtu wa kati nafasi hiyo kwa muda mrefu. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za awali, akieleza, akifupisha na kuongeza yake; Matthias Krings ameijadili kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2015. Hakuna anayeweza kuihakiki filamu iliyopita mikononi mwa Lufufu akimweka Lufufu kando. Kinachodaiwa hapa ni kwamba mjukuu wa Momba astahili uzito uleule wa kinadharia, ingawa tafsiri yake haikurekodiwa.

Inaweza kupingwa kwamba njia hii inaugeuza uhakiki kuwa anthropolojia, na kuiacha sanaa bila wa kuipima. Pingamizi hilo lina uzito, kwa sababu maelezo marefu ya sebule hayasemi kama tamthilia imeandikwa vizuri au vibaya. Hata hivyo, Lila Abu-Lughod, katika utafiti wake wa mwaka 2005 kuhusu tamthilia za runinga nchini Misri, aliwachunguza watunzi wa Cairo na wanawake wa kijijini Misri ya Juu pamoja, bila kuacha kuzichambua tamthilia zenyewe. Mwanafunzi wa uzamili anayehakiki tamthilia anaweza kuanza kwa maswali matatu: ilitazamwa wapi, kwa lugha ipi, na nani alisimama kati ya kioo na mtazamaji? Asipoweza kuyajibu, hitimisho lake libaki kuhusu tamthilia, wala lisiwasemee "watazamaji wa Tanzania", ambao kati yao wamo watu wa Tunduma ambao hakuwauliza.