Upangaji wa Miji na Sauti ya Umma: Kasoro ya Tabora

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka umma ushiriki kupanga maendeleo yake. Mwaka uliofuata yakaja Madaraka Mikoani. Halmashauri za kuchaguliwa zikavunjwa, hatimaye na za miji, kazi zake wakapewa watumishi wa mkoa na wilaya. Madaraka yalishuka kweli kutoka Dar es Salaam. Yalishukia mezani kwa mrasimu.

Kwa hiyo mwaka 1977, Tabora ilipoingizwa katika awamu ya pili ya mradi wa kupima viwanja na kuboresha mitaa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mji haukuwa na halmashauri yake ya kuhoji ramani. Sheria ya kuzirudisha ilitungwa 1978.

Na Tabora si pori la kupimwa upya. Ni mji wa njia ya misafara, baina ya Bagamoyo na Ujiji, na miembe ya njia hiyo ni kivuli, chakula na baraza la wakazi. Mpimaji asiyewauliza huona kisiki tu.

Makada nasi tujikosoe: mara nyingi balozi wa nyumba kumi alitumwa kuwaita watu wazibue mtaro, si kujadili upite wapi.