Mstari wa Kiboroloni

Kijana amekalia kreti la soda, kompyuta mpakato mapajani, anachora mstari. Mstari wenyewe ni wa njano na upo kwenye kioo tu. Kule barabarani, chini ya baraza ya ghorofani tulipo, hakuna dereva anayeuona. Anauchora, anautazama, anaufuta. Anausogeza hadi usawa wa nguzo ya umeme, anaufuta tena. Nilikuwa nimemaliza chai ya pili nilipomuuliza mstari una kasoro gani. Hakuinua macho.

"Mzee wangu, saa kumi kivuli cha ule mwembe kitakuwa kimelala pale pale. Kitanilia bodaboda."

Tulikuwa Kiboroloni, mwanzoni mwa Desemba, kando ya barabara kuu itokayo Himo. Magari ya Dar es Salaam yakifika hapa yameshapita Chalinze, Segera, Korogwe, Same na Mwanga. Pale Himo mengine yanashika njia ya Marangu na Rombo. Yanayokuja Moshi mjini, Kibosho au Machame hupita mbele ya mitumba ya Kiboroloni. Krismasi ikikaribia Wachaga wanapanda kwao, na mji mzima unakuwa na neno moja: "Mwaka huu watu wamekuja wengi." Kila mwaka wamekuja wengi. Kijana huyu, ambaye ugali wake unatokana na kutengeneza simu na kufunga kamera za CCTV madukani, alichoshwa na hilo "wengi". Hakuna aliyemtuma wala anayemlipa. Aliomba baraza kwa mwenye duka la vitambaa, akafunga kamera moja, akaweka betri ya kuvukia umeme ukikatika, na sasa ni siku ya nne anatafuta mahali pa kuweka mstari.

Nilikaa naye kwa sababu kazi hiyo nimewahi kuifanya kwa mkono. Nikiwa kijana nilipata kibarua cha wiki moja cha kuhesabu magari Njia Panda ya Himo. Tulipewa ubao wenye kibanio na karatasi yenye safu: pikipiki, gari dogo, pikapu, basi dogo, basi kubwa, lori la ekseli mbili, la ekseli tatu, lenye tela. Kila chombo kijiti kimoja. Vinne vinasimama, cha tano kinalala juu yao. Siku ya kwanza niliona ni kazi ya mtoto. Siku ya tatu, saa nane mchana, jua la utosi, nilijikuta nimeandika lori ambalo halikupita. Mkono ulishazoea kuchora, ukachora. Nikataka kufidia kwa kuruka lori litakalofuata, msimamizi akanikataza: kosa moja liache lilivyo, usilizalie la pili. Maneno hayo nilikuja kuyakumbuka Kiboroloni.

Zile safu hazikuwa urasimu. Kati ya 1958 na 1960, kwenye barabara za majaribio walizozijenga huko Ottawa, jimbo la Illinois, Wamarekani walizungusha malori usiku na mchana hadi zikabomoka. Walichokiona ni kwamba uharibifu hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ekseli yenye uzito maradufu huumiza lami kama mara 16. Anayejenga barabara akiambiwa tu kwamba yamepita magari elfu, hajaambiwa kitu. Anataka kujua ni ya aina gani. Moshi tunalielewa hilo bila kufundishwa, maana ndio mji wa kahawa: buni zikishakobolewa kiwandani hupita kwenye machekeche kwanza, AA huku, A huku, B kule, zile za punje moja peke yake, ndipo mtu azungumzie bei.

Sasa, kompyuta inafanyaje kazi yangu ya zamani? Kamera hailetei kompyuta mwendo. Inaleta picha tuli, kwa kawaida 25 kila sekunde. Kwenye kila picha programu inatafuta vitu inavyovijua na kuvizungushia maboksi: gari hili, mtu yule, pikipiki ile. Zamani hiyo ilikuwa shughuli nzito, kompyuta ikipekua picha kipande kwa kipande. Mwaka 2015 Joseph Redmon na wenzake wakaja na YOLO, mtindo wa kuitazama picha yote kwa mkupuo mmoja, na ndiyo sababu leo fundi simu wa Moshi anaweza kuendesha kitu hicho kwenye mpakato wa mtumba.

Lakini boksi si hesabu. Gari moja likionekana kwa sekunde nne linazaa maboksi 100, na lazima mtu aiambie kompyuta kwamba yote hayo ni gari moja. Hapo programu inakisia. Inajua gari lilikuwa wapi, lilikuwa likienda kasi gani, inabashiri litakuwa wapi kwenye picha ifuatayo, kisha inatazama kama kuna boksi lililoangukia karibu na pale palipobashiriwa. Hesabu za ubashiri huo ni za Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest, aliyezitoa mwaka 1960. Hizo hizo ziliwasaidia Wamarekani kujua chombo chao kilipo wakati wa safari za mwezini. Zimeshuka kutoka mwezini hadi kwenye bajaji za Kiboroloni, na sioni kama zimeshushwa hadhi.

Kijana alinionyesha ubashiri huo unavyovunjika. Gari la kilomita 50 kwa saa huenda karibu mita 14 kwa sekunde. Kwa picha 25, linasogea nusu mita na kidogo kati ya picha na picha. Boksi la sasa linalalia boksi lililopita, na kompyuta haina wasiwasi. Ila mpakato wake, ukipewa picha kubwa na safi, unamudu kama tano tu kwa sekunde. Hapo gari linaruka karibu mita tatu. Lori haliathiriki, ni refu. Bodaboda ina urefu wa mita mbili hivi, kwa hiyo boksi lake jipya haligusani kabisa na la zamani, na kompyuta inaiona kama mgeni mwingine, au inaipoteza kabla haijafika mstarini. Mimi ningekimbilia kununua kompyuta kubwa. Yeye akapunguza ubora wa picha. Magari yakawa na ukungu kidogo, kasi ikapanda, bodaboda zikarudi.

Mstari nao una elimu yake. Asubuhi ya kwanza aliuweka mbele ya kituo cha daladala, mahali ambapo mtu yeyote angeuweka. Hiace ikasimama juu ya mstari kushusha abiria, boksi lake likawa linatetemeka kama linavyotetemeka siku zote, kidogo mbele, kidogo nyuma, na kila mtetemo ukaandikwa gari jipya. Akaachana na mstari mmoja, akachora miwili yenye nafasi katikati: asiyevuka wa kwanza kisha wa pili hahesabiwi. Tena kinachovuka si boksi zima. Ni alama katikati ya ukingo wa chini, pale matairi yanapogusa lami, kwa sababu kichwa cha lori kwenye picha hufika mbali kabla lori lenyewe halijafika. Kamera aliielekeza kaskazini, mlima ukiwa nyuma ya picha siku ukijifunua, maana Desemba jua letu hupita upande wa kusini na linakuwa mgongoni mwa lenzi. Juni litahamia kaskazini. Ameshakata kipande cha ndoo ya plastiki kitakachokuwa kofia ya kamera, na kimewekwa chini ya kreti kikisubiri miezi sita.

Usiku mmoja hesabu iliparamia juu bila sababu. Buibui alikuwa amefuma mbele ya lenzi. Kamera za usiku zina taa zake ndogo na vuguvugu lake; wadudu wanafuata, na buibui anawafuata wadudu. Dawa yake ikawa fagio la chelewa, kila jioni.

Kilichomsumbua kuliko vyote ni bajaji. Programu nyingi za namna hii zimefundwa kwa COCO, hazina ya picha iliyotolewa 2014, ambamo watu walichora kwa mkono mipaka ya vitu vya aina 80. Ndani yake kuna twiga, tembo na pundamilia. Kuna hata mbao za kutelezea kwenye theluji. Bajaji hakuna. Kwa hiyo kompyuta iliyowekwa chini ya Kilimanjaro ilikuwa tayari kwa mtu atakayeshuka mlima kwa kuteleza, ila haikuwa tayari kwa chombo kinachopita kila dakika. Bajaji ikija ikitazamana na kamera inaitwa gari. Ikigeuka ubavu inaitwa pikipiki. Ikibeba magunia, lori. Hakuna njia ya mkato. Kijana alikusanya picha zake mwenyewe na kuchora maboksi kwa kipanya, bajaji baada ya bajaji, usiku baada ya kufunga duka: yenye turubai, isiyo na turubai, iliyofunikwa nusu na Noah, iliyolowa mvua. Nilimtazama akichora moja. Alishuka hadi chini ya tairi la mbele, akaacha kivuli nje. Ukikiingiza kivuli, akasema, umeifundisha kwamba bajaji ya asubuhi ni ndefu kuliko ya mchana.

Watu nao wana vituko vyao. Mshikaki, ile bodaboda ya watu watatu, huwa inahesabiwa wawili: miili imebanana hadi programu inadhani boksi la katikati ni marudio ya jirani yake na kulifuta. Na ipo siku aliyopita mmachinga wa mashati, amemkumbatia mwanasesere wake wa plastiki aliyevaa vizuri kuliko sisi sote. Kompyuta ikaongeza wawili. Kijana alicheka hadi machozi, kisha akaandika saa na dakika kwenye daftari.

Hilo daftari ndilo lililonifanya niandike haya. Mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, anafunga kioo cha kompyuta kwa robo saa, anachukua kalamu na kuhesabu kwa vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimelala, kama nilivyofanya mimi Himo. Kisha analinganisha, na halinganishi jumla. Tuseme vijiti vimesema 200 na kompyuta imesema 200. Mimi ningefunga mzigo nikalale. Yeye anakwenda safu kwa safu, anakuta bajaji 11 zimepotea nyuma ya malori na vivuli 11 vimeandikwa pikipiki. Makosa yamesalimiana na kufutana, jumla imetoka safi na hakuna kilicho sahihi. Nimewahi kumsikia mwenye duka moja kubwa akijisifu kwa idadi ya wateja aliyopewa na kamera yake ya mlangoni. Mlinzi wake alikuwa na tabia ya kutembeatembea, ndani na nje, kutwa nzima.

Hata wataalamu wakubwa hukutana na ugumu huu wa kuhesabu. Serengeti kulitegwa kamera 225 tangu 2010, zikaleta picha kwa mamilioni, na mwaka 2018 watafiti wakaonyesha kwamba mashine inamtambua mnyama kwa usahihi wa asilimia 93.8. Walipoitaka iseme ni wanyama wangapi, ikapatia sawasawa takribani asilimia 63. Kumjua nyumbu ni rahisi kuliko kujua wamesimama wangapi wakiwa wamefichana.

Nilimuuliza kama haoni ni mzaha kuhangaika na bodaboda tatu wakati serikali imeshahesabu watu. Akanikumbusha swali la karani: nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022? Huo nao ni mstari, akasema, ila umechorwa kwenye saa badala ya barabara. Mkoa wa Kilimanjaro ulipata watu 1,861,934. Sensa zetu zote sita tangu 1967 zimefanyika Agosti. Ungeuchora mstari huo usiku wa Krismasi, Rombo ingejaa na sehemu za Dar es Salaam zingebaki na walinzi.

Picha zenyewe hazihifadhi. Zikishahesabiwa zinafutwa, inabaki namba na saa. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na anaijua, lakini nadhani angefanya hivyo hata bila sheria. Ule ukungu wa picha alioukubali kwa ajili ya bodaboda umefanya namba za magari na sura za watu zisisomeke, na ameuacha. Redmon mwenyewe, yule wa YOLO, alitangaza mwaka 2020 kwamba ameacha utafiti wa namna hii kwa kuona unavyotumika kijeshi na kuchungulia maisha ya watu. Kijana alinisimulia hilo kwa sauti ya mtu anayemzungumzia mwalimu wake aliyehama shule.

Saa kumi kivuli cha mwembe kililala barabarani, hatua nne kutoka kwenye mistari miwili. Akafunga kioo cha kompyuta, programu ikiendelea kuhesabu ndani kwa ndani, akachukua kalamu. Nikaomba karatasi na mimi. Tukahesabu kimya. Basi la Dar, Noah mbili, bajaji, guta la mbao, bajaji. Mama mmoja akavuka na mkungu wa ndizi kichwani, kanga imekaza mgongoni. Nikachora kijiti kimoja. Nikachungulia daftari la mwenzangu: alikuwa amechora viwili, na pembeni, kwa herufi ndogo, ameandika "mtoto".

"Kompyuta itasema mmoja," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimeandika," akasema, macho yakiwa tayari upande wa Himo, ambako Coaster ilikuwa inakuja na bodaboda mbili nyuma yake.